Gambuti Namba Tisa

Babu yangu, Kugo kama tunavyosema Wakipsigis, alipofariki aliacha mguu wake wa bandia nyuma ya mlango, kwetu Mogogosiek, Bomet. Ulikuwa bado ndani ya gambuti. Baada ya matanga Kogo akaniambia, "Chuo uliacha lakini simu unaijua. Huu mguu utafutie mtu."

Nikaona ni kazi rahisi. Kutoa ni wema, ama? Lakini kila niliyempigia aliuliza: ni wa aina gani? Sikujua. Nikaufuta matope, nikampelekea fundi wa viungo bandia.

Fundi alijaribu kukunja kifundo, kikakataa. Akageuza wayo, akanionyesha tundu la bolti upande wa kisigino. "Hii ni SACH," akasema. Aina hiyo ilibuniwa Berkeley, California, miaka ya 1950. Haina kiungo kinachokunjika: kisigino laini ndicho hudidimia ukikanyaga. Ingekuwa na ekseli na vipira vya kuzuia, hiyo ingekuwa aina nyingine. Ingekuwa ya mpira wenye vidole, ya kutembea peku hata shamba lenye maji, angefikiria mguu wa Jaipur, uliobuniwa India mwaka 1968.

Kisha akabonyeza kisigino. Kilikuwa kimekauka na kupasuka. Akasugua wayo mpaka nambari ikatokea: 27. "Sentimita hizo. Mzee alivaa namba ngapi?"

"Saba."

"Huu ni wa mtu wa tisa."

Hapo nikanyamaza. Kugo alinunua gambuti namba tisa miaka yote, akijaza vitambaa upande wa mguu mzima. Tukiwa watoto tulicheka. Fundi akaniambia wayo mrefu kupita kiasi humfanya mtu ahisi anapanda mlima hata kwenye tambarare. Kugo alikuwa akisema huku kwetu hakuna tambarare. Nilidhani anazungumzia mashamba ya chai.

Mguu ule alipewa msaada, mtumba, na watu waliopiga naye picha. Hakuna aliyepima mguu wake uliobaki. Na yeye alishukuru mpaka kufa.

Je, walikosea? Nimejibishana na hili swali usiku mwingi. Bila ule mguu Kugo angekaa kitini; kwa huo alichuma chai, akatusomesha, hata mimi niliyeacha njiani. Afadhali kuliko kukosa, si ndiyo? Lakini naona "afadhali" ni neno la anayepokea. Ana haki nalo, kwa sababu yeye ndiye anayelitembelea. Mtoaji akilisema, amejisamehe kabla ya kuulizwa. Kugeuza wayo na kusoma nambari kungewachukua dakika moja. Dakika hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na ndiyo waliyomnyima.

Halafu nakumbuka mimi mwenyewe nilikuwa tayari kumpa mgeni mguu uliopasuka, nijisikie fiti, nirudi Nairobi.

Fundi alikataa kumvalisha mtu wayo ule. Ungeweza kuvunjika njiani. Nilimweleza Kogo yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Na gambuti?"

Zilikuwa nzima. Tukampelekea jirani. Lakini kwanza Kogo alimuuliza anavaa namba ngapi.