Picha Elfu Kumi, Bila Jina Hata Moja

Picha za studio za wazee wetu zina uso na mgongo. Mbele utamwona shangazi, kanga mpya, mkono kiunoni, pazia la minazi nyuma yake. Igeuze: mhuri wa studio, majina ya wote waliosimama, "Iddi, 1967". Picha ililipiwa, tena ilikuwa moja. Asingetokea mtu wa kuiacha bila maelezo.

Sasa fungua simu yako. Picha inaitwa IMG-20180714-WA0012. Maana yake ilipita WhatsApp tarehe 14 Julai 2018, basi. Harusi ya nani? Yule mtoto aliyebebwa ni wa nani? Aliyepiga mwenyewe keshasahau.

Ndiyo maana sishangilii sana mtu akiniambia ameziskani albamu zote za nyumbani. Kuskani ni kibarua cha mchana mmoja. Kazi yenyewe ni kukaa na bibi, picha moja moja, ukimwuliza huyu nani na yule nani, naye akikatiza kila mara kusimulia ugomvi wa shamba ambao hukuuliza. Mwache asimulie. Washa kinasa sauti cha simu.

Sauti ina thamani kubwa kuliko tunavyodhani. Mjomba alipokuwa Maskati, barua zake zilikuja kwa kaseti: salamu kwa kila mtu kwa jina lake, kikohozi, halafu adhana ikisikika kwa mbali naye ananyamaza mpaka iishe. Kuziingiza kaseti hizo kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato. Ya dakika 60 huchukua saa nzima kuicheza, na utepe ulioota ukungu hukwama, ukauzungusha kwa kalamu ya Bic kama zamani. Lakini redio kaseti nzima zinaadimika mitaani, na utepe hauzidi kuwa mzuri kwa kusubiri.

Wengine hutegemea mtandao kwa kila kitu. Google hutoa GB 15 bure, zikijaa, unalipa. Akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, kampuni imejipa haki ya kuifuta pamoja na picha zake. Na marehemu hafungui akaunti. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kwamba katika kuhamisha seva, picha, video na nyimbo za miaka mingi huenda zimepotea moja kwa moja. Watu walioziweka huko nao walidhani ziko salama.

Karibu zaidi na kwetu ni simu ya marehemu. Imefungwa kwa nywila aliyokwenda nayo kaburini. Baada ya arobaini, kijana anaipeleka kwa fundi, fundi anaiflashi ili itumike tena, na miaka kumi ya familia inafutika kabla chai ya fundi haijapoa. Hakuna anayelia, maana hakuna anayejua kilichokuwamo.

Kwa hiyo chagua picha hamsini, si elfu kumi. Badilisha jina la kila faili: nani, wapi, lini. Nakala moja iwe mtandaoni, nyingine kwenye diski ya nje kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine, na nywila ijulikane na mtu mmoja unayemwamini. Na kama bibi yako yu hai, anza naye Ijumaa hii baada ya chakula cha mchana, kabla hajalala.