Juu ya Motakaa, na Juu ya Mtu Aliye Kando ya Njia

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:4 na 8, Luka 10:25–37.



Labda mtu akiona kichwa cha maneno haya atacheka, akisema: Mambo ya breki na oili ni ya fundi katika karakana yake, mchungaji ana kazi gani nayo? Twamjibu kwamba Musa hakuona haya kuandika habari za dari ya nyumba. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari zilizo sawa juu, watu wakipanda jioni kupunga upepo, wakianika kitani, wakilala huko wakati wa joto. Basi Mungu akamwagiza kila ajengaye afanye ukuta mdogo pembeni, ili mtu asianguke na damu yake ikamlemea mwenye nyumba. Angalieni, hapa hapana mtu aliyesukumwa. Mwenye nyumba hakumgusa mgeni wake mkono wala mguu. Hatia yake ni kazi ambayo hakuifanya.

Katika siku zetu mwenye motakaa ndiye mwenye dari. Watu hupanda kwake kwa kumwamini. Mama aliyebeba mtoto hawezi kuinama chini ya basi kutazama kama bomba la breki lavuja. Na yule aendaye kwa miguu kando ya njia, mwenye mzigo wa kuni kichwani, hakupanda wala hakulipa nauli, lakini uhai wake umo katika miguu ya dereva asiyemjua. Tulipokuwa wanafunzi wa kipaimara tulifundishwa Amri ya Tano katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, na tulijifunza ya kuwa Luther hakukomea kwenye mkuki na sumu. Alieleza kwamba amri hiyo yatutaka tumsaidie jirani katika haja zote za mwili wake. Mpira uliokwisha hata ukawa kipara, katika gari lichukualo watu, ni jambo la Amri ya Tano.

Basi tuseme kidogo juu ya mipira. Mwenye gari aipime upepo asubuhi, ingali baridi, maana ikiisha kwenda mwendo hupata moto, na kipimo hudanganya. Mpira wenye upepo haba hujikunja, huchemka ndani, mwisho hupasuka, na mara nyingi hupasuka mahali pa mwendo mkali. Mifereji iliyo usoni mwake isipungue milimeta 1.6; hicho ndicho kiasi cha chini kinachokubaliwa katika nchi nyingi, nasi twaona hata hicho ni kidogo wakati wa masika. Wengi hununua mipira iliyotumika Ulaya au Japani. Wasitazame uso wake tu. Ubavuni pana tarakimu nne: 2312 maana yake mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2012. Mpira mzee hupasuka hata kama mifereji yake ni mirefu, kwa kuwa umekauka kama ngozi ya ngoma.

Oili na maji hatutaongea sana: kijiti cha kupimia oili kipo, na macho yapo. Lakini breki zataka maneno zaidi. Wengi hufikiri breki ni chuma tu. Katika motakaa ndogo nguvu ya mguu hupelekwa hata kwenye gurudumu kwa mafuta ya breki, na mafuta hayo hunyonya maji ya hewani kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Yakiisha kunyonya maji, huchemka upesi. Dereva akiteremka mlima mrefu, kama Kitonga katika njia ya Iringa, au njia ya kutoka Lushoto kushukia Mombo, akawa anakanyaga breki muda wote, breki hupata moto, mafuta yaliyo na maji huchemka, mvuke huingia ndani ya mabomba, na hapo mguu huzama mpaka chini wala gari halisimami. Kwa hiyo mafundi wengi huagiza mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Na dereva mwenye akili huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, kama ile aliyopandia, ili injini yenyewe ilizuie gari. Aendaye gia huru apate kuokoa petroli, aokoa senti chache kwa thamani ya roho za watu. Tena wajue vijana hesabu hii: mwendo ukizidishwa mara mbili, urefu wa kusimama kwa breki huzidi mara nne. Hapo hapana ubishi; ndivyo Mungu alivyoviumba vitu vizito.

Sasa twaja kwenye neno gumu kidogo, nalo latuhusu sisi wenyewe, watu wa sharika. Usharika ukitaka kununua gari, watu hutoa kwa furaha: mmoja mbuzi, mwingine gunia la mahindi, kwaya zaimba, harambee yajaa. Siku gari lifikapo, laombewa mbele ya mlango wa kanisa. Baada ya miezi kumi na minane mtunza hazina aulizwa fedha ya mipira, naye ajibu kwamba baraza halikutenga kitu. Gari laendelea kwenda hivyo hivyo, limejaa wanakwaya, na kabla ya kuondoka wote wafumba macho na kuomba safari njema. Je, hilo ni ombi la imani? Twakumbuka jinsi Ibilisi alivyomsimamisha Bwana juu ya kinara cha hekalu, akimhimiza ajitupe chini kwa kuwa malaika wapo. Bwana hakukana kwamba malaika wapo. Alikataa kumjaribu Baba yake. Na mwaka 1527, tauni ilipokuwa Wittenberg, Luther aliwaandikia wachungaji wa Breslau waliomwuliza kama Mkristo aruhusiwa kuukimbia ugonjwa. Katika waraka ule aliwakemea pia wale waliodharau dawa na tahadhari wakisema Mungu atawalinda. Alisema huko si kumtumaini Mungu, ni kumjaribu. Ombeni kabla ya safari, ndugu, msiache kamwe. Lakini mtu apimaye upepo wa mipira kwanza, kisha akaomba, haombi kwa imani iliyo haba kuliko yule afumbaye macho asiuone ule upara.

Mwinjilisti mwenye pikipiki asifikiri tumemsahau. Mnyororo wake, breki zake mbili, na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni (si ile ining'iniayo mkononi kama kikapu) ni dari yake na ukuta wake.

Hata hivyo chombo kitunzwacho vema chaweza kuharibika njiani, na si aibu. Yasimuliwa kwamba Agosti 1888, Bibi Bertha Benz alipoendesha motakaa ya mumewe pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim hata Pforzheim, mwendo wa kilometa 100 hivi, safari ya kwanza ya mbali ya chombo cha namna hiyo, alizibua mrija wa petroli kwa pini ya kofia yake, na fundi viatu mmoja akampigilia ngozi kwenye breki zilizolika. Basi tangu mwanzo safari za motakaa zilihitaji mtu wa njiani mwenye nyundo na moyo mwema.

Chombo kikikushinda, kitoe njiani kabisa ukiweza, washa taa za hatari, shusha watu, nao wakae mbali na barabara, upande wa majani; wasikae nyuma ya gari wakitazama fundi afanya nini. Weka pembetatu yako nyekundu mbali, hatua hamsini au zaidi, wala si hatua tatu. Na kama kuna kona, iweke kabla ya kona, maana ajaye hataona kilichofichika. Rejeta ikichemka, zima injini na kungoja nusu saa au zaidi. Kifuniko chake huyafungia maji kwa nguvu, hata yakapita joto la kuchemka bila kuchemka. Ukikifungua upesi, yote huruka usoni kwa mara moja. Tumewazika watu kwa sababu nyingi, lakini kuungua uso kwa haraka ya dakika kumi ni huzuni ya bure.

Na sasa mawe. Kila msafiri ajua habari hii. Lori lazimika kilimani, utingo aruka na jiwe mkononi, alitia chini ya gurudumu, na ashukuriwe kwa wepesi wake. Matawi ya miti hukatwa na kulazwa njiani kuwaonya wengine. Fundi aja, injini yawaka, wote wapanda wakishangilia, lori laondoka. Jiwe labaki. Labaki katikati ya njia, usiku waingia, na mwenye pikipiki atokaye kumtazama mgonjwa alikuta kwa gurudumu la mbele. Sheria ya Musa ilikataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu, nasi sote tu vipofu saa mbili usiku nyuma ya taa dhaifu. Nabii Isaya naye aliwaita watu watengeneze njia na kuyaondoa mawe. Aliyeliweka jiwe hilo hakuwa na nia mbaya; liliokoa lori lake. Tatizo ni kwamba akiisha kuokoka husahau ya kuwa nyuma yake kuna mwingine ajaye. Twawasihi madereva na matingo walio Wakristo: shukeni mara ya pili. Ondoeni mawe na matawi kabla ya kwenda zenu, hata kama abiria wanung'unika.

Tuseme habari za yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Njia ile kutoka Yerusalemu hata Yeriko ni ya kilometa 27 hivi, nayo yashuka mita 1,000 kwa jumla, kati ya miamba na mabonde makavu. Wengi wamehubiri juu ya moyo wa Msamaria, nasi twakubali. Ila tungependa mtazame pia mfuko wake. Alikuwa na mafuta na divai safarini. Huruma ilipomshika, mikono yake ilikuta kitu cha kufanyia kazi. Kuhani na Mlawi walipita upande wa pili, na labda waliogopa, kama wengi waogopavyo leo maswali ya polisi na lawama za jamaa wa majeruhi. Twaelewa hofu hiyo. Dawa yake ni kutokwenda peke yako: simamisha mwingine, mwe wawili, mkashuhudiane.

Ukikuta ajali, kwanza jilinde mwenyewe usiongeze maiti. Piga simu 112 hapa Tanzania, ueleze mahali, kilometa au kijiji. Damu itokayo kwa wingi ikandamize kwa kitambaa safi, wala usiachilie kila mara kutazama kama imekoma. Usimvute mtu aliyeumia shingo au mgongo, ila kama moto au maji yamfikia. Usimpe maji ya kunywa yule aliyezimia, yataingia mapafuni.

Lakini kuna jambo litutialo uchungu kuliko yote. Ajali ikitokea, wengine hufika mbio, si kwa majeruhi, bali kwa mizigo na mifuko. Katika mfano wa Bwana watu hao wametajwa mwanzoni kabisa, kabla ya kuhani. Na lori la petroli likianguka, kijiji kizima hutoka na madumu. Sachangwan, karibu na Molo katika Kenya, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa kwa namna hiyo. Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, zaidi ya 200. Msamvu, katika Morogoro yetu, tarehe 10 Agosti 2019, waliokufa walipita mia. Mvuke wa petroli hauonekani. Ni mzito kuliko hewa, huenea chini mitaroni, na cheche moja ya pikipiki yatosha. Hatuandiki haya tuwahukumu marehemu. Miongoni mwao walikuwapo waliopita tu, na watoto walioshangaa, na watu ambao dumu moja la petroli ni chakula cha juma zima. Umaskini huo nao ni jambo ambalo kanisa litaulizwa. Lakini mwinjilisti asikiaye kishindo cha lori karibu na kijiji chake asingoje Jumapili kuhubiri. Apige kengele ya kanisa, asimame njiani, awarudishe watu nyuma, watoto kwanza, na awaambie wenye pikipiki na sigara wazime.

Barabara kubwa zapita katikati ya sharika nyingi. Twaomba mabaraza ya wazee yafikiri jambo moja dogo: sanduku katika nyumba ya mwinjilisti, ndani yake vitambaa safi, glovu za mpira, taa, blanketi moja, na kamba, na majina ya watu wawili, mzee mmoja na mama mmoja, wanaoijua hospitali iliyo karibu na njia ya kuifikia usiku. Maana Msamaria hakuondoka akaisha. Alitoa dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili, akaahidi kupita tena. Majeruhi aliyetoka mbali hana jamaa wa kumletea uji wodini. Wale wawili waende kesho yake na chupa ya uji na kikombe, wamwulize jina la nyumbani kwao, ili simu ipigwe kwa mama yake.