Barua ya Utambulisho

Barua yenyewe ilikuwa na mistari sita, na muhuri wa usharika chini yake. Tulimwandikia mwenye karakana ya samani kule Nyakanazi, tukamweleza kwamba mwenye barua hii ni Mkristo wetu kutoka Ngara, fundi seremala, mtu mtulivu na mwenye bidii. Yote hayo yalikuwa kweli. Ufundi aliuongeza gerezani Biharamulo, na utulivu wake tuliuona wenyewe kila tulipokwenda kuwahubiri wafungwa. Ila hatukuandika kwamba ametoka kifungoni, wala kwamba kilichomfikisha huko ni ugomvi wa gongo.

Tulijiambia kwamba tunamsitiri. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anaieleza amri ya nane kuwa haikatazi uongo peke yake. Inatudai pia tumtetee jirani na kuyachukulia mambo yake kwa upande ulio bora. Tukajificha nyuma ya maelezo hayo.

Mwezi wa pili, Jumamosi ya malipo, fundi wetu aliingia kilabuni na wenzake. Alipotea siku tatu. Aliporudi, randa ya tajiri wake ilikuwa imewekwa rehani kwa muuza gongo. Tulimtarajia yule tajiri aje kutufokea. Alikuja, akakaa, akasema kwa upole: “Baba Mchungaji, mngeniambia, nisingempa fedha mkononi Jumamosi jioni. Mimi mwenyewe nimempeleka mlangoni pa kilabu bila kujua.”

Maneno hayo yalituuma kuliko kufokewa. Tulidhani ukweli ungemshtaki fundi wetu, kumbe ungemlinda. Ukimya wetu ulimnyima tajiri nafasi ya kumsaidia, ukamwacha mgonjwa apigane peke yake katika siku ambayo ni ngumu kuliko zote.

Maana gerezani pombe haikushindwa; ilizuiwa na ukuta. Siku ya kufunguliwa, ukuta unaondoka asubuhi moja, na mtu anarudi katika nchi ambayo pombe ya ndizi, ambayo wengi Kagera wanaiita rubisi, iko kwenye posa, kwenye harusi na hata baada ya maziko. Kukataa kibuyu kunaonekana kama kumkataa mwenyeji. Hata kibarua cha kulima, wako wanaokilipa kwa pombe. Gongo nayo ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1966, lakini hatujaona kijiji ambacho mwenye kiu aliikosa. Muhimbili walianza mwaka 2011 kuwapa watumiaji wa heroini dawa ya methadone. Mlevi wa gongo aliyerudi kijijini kwetu anachoweza kutegemea kwa kawaida ni watu walio karibu naye.

Kwa hiyo kumfundisha mfungwa kupiga randa, kushona au kufyatua matofali ni sehemu nyepesi ya maandalizi. Iliyo nzito ni kuzungumza naye juu ya siku ya mshahara, njia ya kurudi nyumbani, na msiba wa kwanza atakaoalikwa. Na hiyo nayo ni nusu tu. Tulimwandaa anayekwenda kazini, hatukumwandaa anayempokea.

Hapo ndipo Waraka kwa Filemoni ulipotusomea sisi. Naye Paulo aliandika barua ya utambulisho, tena akiwa mfungwa, kwa ajili ya mtu mwenye historia mbaya kwa yule anayemwendea. Hakuificha historia hiyo. Anacheza hata na jina la Onesimo, ambalo maana yake ni mwenye kufaa, akikiri kwamba zamani hakufaa kitu. Kisha anafanya jambo ambalo muhuri wetu haukulifanya: anaandika kwa mkono wake kwamba kama kuna deni, liwe juu yake. Barua yetu haikutugharimu chochote. Tulimwomba mtu mwingine aibebe hatari yote, tena bila kumwambia kwamba ipo.

Mzee mmoja wa kanisa alitupinga kwenye baraza, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Aliuliza kwa nini usharika uwadhamini walevi, huku vijana wetu waliomaliza shule bila kugusa pombe wamekaa barazani hawana kazi. Tulimjibu kwamba Luther, akieleza ombi la mkate wa kila siku, anahesabu humo watumishi waaminifu na majirani wema, na kwamba sala hiyo tunaisali kwa ajili ya wote. Hakuridhika sana. Nasi hatuwezi kusema kwamba jibu hilo linamtosha kijana anayemsubiri mwajiri wa kwanza.

Liko pia swali la siri ni ya nani. Kusema ukweli si ruhusa ya kumwanika mtu. Tangu siku ile hatuandiki barua mpaka mwenyewe aketi nasi, aamue nini kisemwe, na akiweza akiseme yeye mbele ya tajiri. Asipotaka kisemwe kitu, hatuandiki, ingawa tunaendelea kumtafutia kazi iliyo jirani na macho yetu. Waajiri wawili walishasikia habari zote wakakataa. Hatukuwalaumu.

Fundi wetu alirudishwa karakanani. Ni yeye aliyependekeza fedha yake ipelekwe kwa simu kwa mama yake kila Jumatatu, na tulifurahi kwamba wazo hilo halikutoka kwetu, kwa sababu mtu mzima akipangiwa na kanisa jinsi ya kushika mshahara wake anageuzwa mtoto. Randa tuliikomboa kwa fedha ya usharika, baada ya baraza kubishana jioni nzima. Mtunza hazina alituuliza matumizi hayo ayaingize kwenye kifungu gani. Tulitazamana. Mwishowe akaandika “randa”, na kiasi chake mbele.