Nani Aulizwe "Nani"?

Msomaji wa hadithi ya upelelezi huanza na maiti, akamaliza na jina. Njiani hukutana na nyayo, ushahidi wa uongo na kisu kilichofichwa, lakini kinachomkesha ni swali moja tu: nani? Aliyemfuata mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, anaijua ladha ya swali hilo. Jibu likipatikana, roho hutulia, kitabu kikafungwa, taa ikazimwa.

Utulivu huo ndio ninaotaka tuuchunguze. Je, tukishalipata jina, tumeipata kweli? Na ni nani anayeamua swali hili liulizwe wapi na liishie wapi?

Kisa kinachonifundisha zaidi juu ya jambo hili kilitokea Melbourne, mji mkuu wa koloni la Victoria nchini Australia. Mwaka 1851 dhahabu iligunduliwa huko, na watu wakamiminika kutoka kila pembe ya dunia. Koloni lililokuwa na wakazi wapatao 77,000 mwaka huo lilikuwa na zaidi ya 500,000 miaka kumi baadaye. Katika umati wa namna hiyo, jina ni vazi. Mtu hulivua bandarini, akavaa jingine machimboni, na jirani yake wa hemani hana wa kumuuliza. Hapo hakuna shangazi anayekumbuka ulizaliwa siku gani, wala mzee wa mtaa anayejua babu yako alikuwa nani. Si ajabu basi kwamba watu hao walipenda hadithi za mpelelezi. Walioishi na wageni wasiojulikana walitamani kumsoma mtu awezaye kumfunua mgeni.

Kiu hiyo ilipata jarida lake mwaka 1865, The Australian Journal lilipoanza kutoka Melbourne. Ndilo lililochapisha kwa mafungu riwaya ya Marcus Clarke juu ya mateso ya wafungwa, His Natural Life, kati ya 1870 na 1872. Lakini mkate wake wa kila mwezi ulikuwa hadithi fupi, na kwa miaka 40, kuanzia 1868 hadi 1908, wasomaji wake walipata mfululizo ulioitwa The Detective's Album. Zilikuwa hadithi zaidi ya 500, zilizosimuliwa kwa sauti ya mwanamume, mpelelezi wa polisi. Chini yake palikuwa na herufi mbili: W. W.

Herufi hizo zilikuwa kifupi cha Waif Wander, lakabu ya mwandishi. Watu walimsoma kwa miongo minne bila kumjua. Alifariki mwaka 1911, na jina lake halisi likazama pamoja naye mpaka katikati ya karne ya 20, mkusanyaji wa vitabu J. K. Moir alipoanza kulifukua. Baadaye mtafiti Lucy Sussex akaufuata uzi huo kwa miaka mingi, katika majarida na kumbukumbu za serikali. W. W. alikuwa mwanamke: Mary Fortune, mzaliwa wa Belfast, aliyekulia Kanada na kufika machimboni mwaka 1855 na mtoto mdogo mkononi. Hadithi yake The Dead Witness, ya mwaka 1866, ambamo mpiga picha ameuawa porini, huhesabiwa miongoni mwa hadithi za upelelezi za mwanzo kabisa duniani kuandikwa na mwanamke. Sherlock Holmes angekuja miaka 21 baadaye.

Kwa nini ajifiche? Yeye mwenyewe alisimulia kwamba gazeti moja la machimboni lilivutiwa na maandishi yake, likampa kazi, kisha likaiondoa lilipogundua kwamba aliyeyaandika ni mwanamke. Kalamu ilikuwa ileile, lililobadilika ni jibu la "nani?" Tena, mwaka 1858 aliolewa na askari polisi wa farasi, ilhali kumbukumbu zinaonyesha kwamba mumewe wa kwanza alikuwa angali hai Kanada. Mwanawe mwingine, aliyezaliwa Australia, alipokua aliingia katika uhalifu, akafungwa. Mwanamke aliyewafundisha maelfu kuuliza "nani?" alikuwa na kila sababu ya kuogopa asiulizwe yeye.

Wahenga wetu walisema jina jema hung'ara gizani. Nauheshimu usemi huo, ila maisha ya Mary Fortune yananifanya niusome upya. Jina lake halikung'ara. Iliyong'ara ni kazi, na kazi hiyo ilistawi kwa sababu jina lilifichwa. Giza lililomdhulumu ndilo lililomstiri. Hapa naona ukomo wa kwanza wa swali letu: jina haliwi kweli kwa kuwa tu limejulikana. Mikononi mwa mwenye haki ni ufunguo. Mikononi mwa mwenye chuki ni rungu.

Ukomo wa pili ni mzito zaidi. Mji lilikochapwa jarida hilo ulisimama juu ya ardhi ya watu wa Kulin. Mwaka 1835 mlowezi John Batman alidai kuinunua kwao kwa mapatano. Mwaka huohuo Gavana Bourke aliyabatilisha kwa tangazo, kana kwamba ardhi yote ilikuwa mali ya Taji la Uingereza tangu awali na wenyeji hawakuwa na cha kuuza. Katika hadithi za upelelezi za makoloni yale, mwenyeji alipotokea, mara nyingi alikuwa mfuata nyayo wa polisi, akisaidia kumnasa mwizi wa dhahabu. Mwizi wa dhahabu alitafutwa kwa bidii. Nani aliyeichukua nchi ilimochimbwa dhahabu hiyo? Swali hilo halikuwa na mpelelezi.

Lilisubiri. Tarehe 3 Juni 1992, katika kesi iliyofunguliwa na Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, Mahakama Kuu ya Australia iliikataa dhana kwamba nchi ile haikuwa ya mtu Waingereza walipofika. Mabo alikuwa amefariki miezi michache kabla ya hukumu.

Simlaumu Mary Fortune kwa yote ambayo zama zake hazikuyauliza. Alikuwa mama aliyeandika ili ale. Ninachoshika ni hiki: kuuliza "nani?" ni tendo la haki, na kama kila tendo la haki, laweza kutendwa nusu. Jamii hujulikana kwa mafumbo inayoyafumbua, na hujulikana zaidi kwa yale isiyoyaona kuwa ni mafumbo.

Basi, msomaji, utakapofunga hadithi yako na mhalifu ametajwa, usizime taa upesi. Jiulize kwanza ni nani aliyeiandika, na ni nani ndani yake aliyedhulumiwa bila mtu yeyote kuuliza aliyemdhulumu.