Je, Kushindwa ni Kosa?

Aghalabu watu hupima kazi kwa wingi wa kufaulu. Mkulima husifiwa kwa magunia aliyovuna, na mwanafunzi kwa maswali aliyoyajibu sawasawa. Kipimo hiki ni chepesi kushika, na kwa kazi nyingi ni cha haki. Lakini ziko kazi ambazo kwa asili yake humshinda mtendaji mara nyingi kuliko yeye anavyozishinda. Tabibu wa maradhi mazito na mpatanishi wa mataifa yenye vita wamo katika kundi hili. Je, mtu aweza kuitwa bingwa wa kazi ambayo kushindwa ndilo fungu lake kubwa? Na kama aweza, lawama juu yake yapasa kuanzia wapi na kukoma wapi? Swali hili huonekana kwa uwazi mkubwa katika kazi ya mlinda mlango wa mpira wa mikono.

Mlango wa mchezo huu una upana wa meta 3 na kimo cha meta 2, na mlinzi wake hasaidiwi na glavu. Mpira ukirushwa kutoka meta 9 kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa, hufika mlangoni kwa muda wa karibu theluthi moja ya sekunde. Muda huo hautoshi kuona, kufikiri na kutenda kwa zamu. Mlinda mlango hana budi kukisia kwa kutazama bega na kifundo cha mkono wa mrushaji, kisha kuutoa mwili wake wote, mikono, kifua na miguu, uwe ukuta. Kwa sababu hiyo, azuiaye mpira mmoja katika kila mitatu huhesabiwa kuwa hodari. Katika mchezo wa dakika 60 si ajabu mabao 25 kumpita, naye akatoka kiwanjani kwa heshima.

Maisha ya Katrine Lunde ni mfano mwema wa jambo hili. Alizaliwa Kristiansand, katika nchi ya Norwei, tarehe 30 Machi 1980. Pacha wake, Kristine, alicheza mchezo uo huo, na wote wawili walipata dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008. Katrine aliipata tena mjini London mwaka 2012. Alitwaa ubingwa wa vilabu vya Ulaya mara saba, pamoja na vilabu vya Viborg nchini Denmark, Györ nchini Hungaria, na Vipers katika mji wake wa kuzaliwa. Walakini njia hiyo haikuwa ya dhahabu tupu. Mjini Rio de Janeiro mwaka 2016, timu yake ilishindwa na Warusi katika nusu fainali kwa mabao 38 kwa 37, baada ya muda kuongezwa. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanywa mwaka 2021, ilishindwa tena na Warusi katika nusu fainali, 27 kwa 26.

Akili yenye kupenda lawama huuliza mara moja: bao lile moja lilikuwa lipi, na ni nani aliyeliachia? Swali hili lina hadaa ndani yake. Katika mabao 38 hakuna hata moja lenye uzito kupita wenzake. Lililoingia dakika ya tatu lina thamani sawa na lililoingia mwishoni. Na kila mshambuliaji aliyekosa mlango wa upande wa pili ana sehemu yake katika hesabu. Lakini jicho la watu humshika yule asimamaye mwisho, kwa kuwa nyuma yake hakuna mtu mwingine ila wavu.

Mwaka 2024 Norwei ilianza michezo ya Olimpiki kwa kushindwa na Uswidi, 32 kwa 28. Tarehe 10 Agosti, mjini Lille, ilicheza fainali na wenyeji, Ufaransa, ikashinda 29 kwa 21. Lunde alikuwa na umri wa miaka 44, na miaka 16 ilikuwa imepita tangu dhahabu yake ya kwanza. Mabao 21 yaliingia katika mlango wa washindi. Adaiye mlango usiopenywa kamwe ataziona hapo aibu 21. Aijuaye kazi ataona ulinzi bora.

Waswahili husema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii ina hekima, lakini mlinda mlango hupitwa mara ishirini kwa saa moja, na juma lifuatalo hupitwa tena. Akihukumiwa kwa methali hiyo bila tafsiri, hakuna mlinda mlango duniani asiye mkosaji. Yapasa basi kushindwa kutenganishwa na kosa. Kushindwa ni kuzidiwa na jambo baada ya kutoa uwezo wote. Kosa ni kuacha jambo lililokuwamo katika uwezo. Mpira uliorushwa kwa ustadi ukaingia pembeni juu umemzidi mlinzi. Mpira ulioingia wakati yeye akiwafokea wenzake kwa bao lililopita ni kosa lake. Ubaoni mabao hayo mawili yana hesabu moja. Katika mizani ya adili hayalingani.

Yamkini mtu akapinga kuwa tofauti hii ni kichaka cha wavivu. Mtu akiruhusiwa kushindwa mara mbili katika tatu, kila mzembe atadai kuwa amezidiwa. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake limo katika kazi yenyewe. Bao liingiapo, wajibu wa kwanza wa mlinda mlango ni kulisahau, kwa maana mrushaji mwingine yu njiani. Kesho yake wajibu hugeuka. Sasa hana budi kulikumbuka, kuitazama picha ya mchezo, kuona miguu yake ilisimama wapi na bega la mrushaji lilisema nini. Majuto yana saa yake. Mvivu hutambulikana kwa kuwa husahau leo na kesho. Mwenye dhamiri isiyo na kiasi hukumbuka leo na kesho, na majuto yake huwa hasara ya pili kwa wale wanaomtegemea.

Tabibu aliyefiwa na mgonjwa asubuhi ana mgonjwa mwingine adhuhuri. Huyu wa pili anastahili mikono isiyotetemeka kwa huzuni ya wa kwanza. Na yule wa kwanza anastahili kwamba kifo chake kichunguzwe, kisifunikwe. Haki hizi mbili hazipingani, ila haziwezi kulipwa saa moja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi huchukua koleo jingine wakati moto ungali ukiwaka, na sababu ya kuvunjika huitafuta jioni, moto ukiisha kuzimika.