Ushahidi wa Bastola

Jirani yangu hapa Kahama ananunua dhahabu Kakola na husafiri na fedha. Anataka kumiliki bastola. Maombi ya kibali huanzia serikali ya mtaa, naye amenitaka niithibitishe tabia yake njema.

Ni mtu wa swala, na majambazi si hadithi huku kwetu. Lakini mwaka jana, kwa ugomvi wa mpaka tu, alimkimbiza shemeji yake na panga. Nilikuwepo. Je, ingekuwa bastola?

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ina masharti mengi, ila polisi hawalali nyumba ya pili na mwombaji. Hasira zake nazijua mimi. Mtume (s.a.w.) alikataza hata kumwelekezea ndugu silaha kwa mzaha, na Suratun-Nisaa, aya ya 135, yatutaka tushuhudie haki ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu. Nikinyamaza, akauawa njiani kwa kukosa silaha? Hilo nalo limeninyima usingizi.

Nimemweleza mwenyewe kwanza: nikiulizwa, lile panga nitalitaja. Tangu siku hiyo salamu yangu haiitikii.