BARUA KUTOKA GEREZANI: UTAIJIBU?

Kijana mwenzangu, ukipokea barua iliyotoka gerezani, utafanyaje? Utaifungua mbele ya watu, au utaificha mfukoni mpaka usiku?

Wengi wanaificha. Si unajua maneno ya kijiweni: anayeandikiana na mwizi naye mwizi! Basi barua inalala chini ya godoro, na yule ndugu huko ndani anahesabu siku.

Sikiliza. Barua ile siyo barua ya kawaida. Askari magereza ameisoma kabla yako. Nelson Mandela alipopelekwa kisiwa cha Robben mwaka 1964 na kifungo cha maisha, mwanzoni aliruhusiwa kuandika barua 1 na kupokea 1 tu kwa miezi 6! Tena isizidi maneno 500. Mtu mwenye nafasi moja kwa nusu mwaka hachezi nayo. Akikuandikia wewe, ujue amekuwaza sana.

Utaniambia, "Mhubiri, lakini yule kaiba kweli. Nikimjibu si nausifia wizi wake?" Swali zuri, silikwepi. Aliyeibiwa naye ana machozi yake. Lakini hakimu ameshahukumu. Nani amekupa wewe kazi ya kumwongezea kifungo kingine, cha kunyamaziwa? Kumjibu siyo kusema hakukosa. Mwandikie kwamba alikosa, na kwamba wewe bado ni ndugu yake. Yote mawili yanaenea kwenye karatasi moja.

Mtume Paulo yeye alifungwa kwa ajili ya Injili, siyo kwa wizi. Lakini soma Waraka wa Pili kwa Timotheo uone mfungwa anavyoandika. Mtume mkubwa yule anaomba nini? Joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu. Anamhimiza Timotheo aje kabla ya majira ya baridi. Yaani mtume anasikia baridi kama wewe! Dema alikuwa ameshamkimbia. Onesiforo, alipofika Roma, alimtafuta kwa bidii mpaka akampata, wala hakuonea aibu mnyororo wake. Wote wawili walikuwa watu wa Paulo, na majina yao yanasomwa mpaka leo.

Na Yesu je? Katika Mathayo 25 alipowataja wafungwa, hakuuliza kwanza walifungwa kwa haki au kwa kuonewa. Alisema aliyewaendea amemwendea Yeye. Naye mwenyewe alifungwa kamba, akasulubiwa katikati ya wanyang'anyi wawili. Mmoja wao, mwenye kosa kweli, alimwomba amkumbuke. Yesu alimjibu palepale, hakungoja kesho!

Wewe ndugu yako anangoja tangu lini?

Kama na wewe umebeba dhambi zako peke yako, mwombe Yesu leo, atakujibu vilevile. Mahubiri yakiisha, sogea hapa mbele jukwaani tuombe pamoja. Na ile barua iliyo chini ya godoro, kesho njoo nayo. Karatasi na kalamu tunazo.